Ufunguo wa Kompyuta Uko Mfukoni mwa Nani?



Kila tunapokwenda mezani kuzungumza na matajiri habari ya mishahara, twaambiwa neno lile lile: hakuna fedha. Karani wa soko aambiwa hakuna fedha. Dada zetu wauguzi waambiwa hakuna fedha. Mfagiaji wa Daraja Mbili, ambaye huanza kazi kabla jua halijatoka, naye aambiwa angoje bajeti ijayo. Basi leo twataka kuuliza jambo ambalo halijaulizwa sana katika mikutano yetu. Hizo kompyuta zilizojaa maofisini, pamoja na programu zilizomo ndani yake, zinakula kiasi gani? Ni mali ya nani? Na siku mwenye kuziuza akifunga virago, kumbukumbu zetu za kazi zitabaki mikononi mwa nani?

Tusieleweke vibaya. Wako watu wapendao kusema ya kwamba chama cha wafanyakazi ni adui wa mashini, na maneno hayo yamezidi tangu Mei 2023, mashini za kuchuma chai zilipochomwa moto kule Kericho. Sisi hatuandiki haya kwa kuchukia mashini. Karani aliyekaa miaka 20 akijumlisha madaftari kwa mkono, na kurudia hesabu yote kwa sababu ya senti 50 zilizopotea, ajua faida ya kompyuta kuliko mtu ye yote. Ugomvi wetu uko katika ule mkataba wa kuinunua, ambao mfanyakazi haonyeshwi.

Kompyuta za kazi twaweza kuzitia katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile za mlango mmoja. Mashini, programu, kipuri na fundi, vyote vyatoka kwa kampuni moja. Ukitaka kuongeza karani mmoja wa kuitumia, wamlipa mwenye mlango leseni. Ukitaka kubadili umbo la hati ya mshahara, wamwita yeye. Mwaka ukiisha, walipa tena ada ya matunzo, hata kama hakuna kilichoharibika. Fungu la pili ni mashini za kawaida za sokoni. Hizi hutengenezwa na watu wengi kwa kipimo kimoja, hata ukikosa kipuri kwa huyu wakipata kwa yule. Mjini Kisii mtu aweza kununua kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya, ile waiitayo eks-yu-ke, kwa bei ya mbuzi wawili watatu. Ikiharibika, kijana aliyesoma katika chuo cha ufundi hapa hapa aifungua kwa bisibisi na kuirudisha kazini kabla ya jua kutua.

Mashindano ya mafungu haya mawili ni ya zamani, na yafaa mfanyakazi ayajue. Huko Marekani kampuni ya IBM kwa miaka mingi haikuuza mashini zake za hesabu, ilizikodisha tu. Aliyekodi alilazimika kununua hata kadi za kutoboa kwa IBM yenyewe, mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipokataza shurti hilo mwaka 1936. Ikapita miaka 20 tena, hata mwaka 1956 Serikali ya Marekani ikailazimisha kampuni hiyo kukubali kuuza mashini kwa anayetaka kununua, badala ya kukodisha tu. Angalieni basi: hata kwao, tena kwa matajiri wakubwa wenye mawakili, mlango mmoja haukufunguka kwa kuombwa kwa adabu. Ulifunguliwa kwa sheria.

Halafu mwaka 1981 IBM ikatoa kompyuta ndogo ya mezani. Kwa kuwa ilikuwa na haraka, ilinunua sehemu zake kwa watu wengine: ubongo kutoka Intel, programu ya kuiendesha kutoka Microsoft. Kumbe sehemu hizo ziliweza kununuliwa na kila mtu. Mara kampuni ya Compaq ikatengeneza mashini iliyofanya kazi ile ile, na wengine wengi wakafuata, na bei ikaanza kushuka. Waliokuwa na mashini za mlango mmoja walicheka kwanza. Kampuni ya Wang, ambayo mashini zake zilijaa maofisini duniani, ilifilisika mwaka 1992. Kampuni ya DEC ilinunuliwa mwaka 1998, na aliyeinunua ni huyo huyo Compaq. ICL ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1968 kwa msaada wa serikali yao ili ishindane na Wamarekani, iliingia mikononi mwa Fujitsu ya Japani mwaka 1990, na kufika 2002 hata jina lake likaachwa. IBM yenyewe iliiuzia Lenovo ya China biashara yake ya kompyuta ndogo mwaka 2005.

Mtu aweza kusema, hayo ni mambo ya Wazungu na Wajapani, yatuhusu nini sisi wa Nyansiongo na Ogembo? Yatuhusu kwa sababu mashini ikifa, hufa na kilichofungwa ndani yake. Daftari la karatasi likiachwa kabatini miaka 30, bado lasomeka, panya wasipolitangulia. Lakini kumbukumbu iliyoandikwa kwa maandishi ya siri ya kampuni moja yasomwa na kampuni hiyo peke yake. Kampuni ikifilisika, au ikigombana na tajiri wako juu ya malipo, miaka yako ya kazi imo ndani ya sanduku lisilo na ufunguo.

Tuje nyumbani. Wazee wetu waliofanya kazi chini ya Baraza la Manispaa ya Kisii, Gusii County Council na mabaraza mengine ya zamani wakumbuka mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Mabaraza mengi nchini yalikuwa yakitumia mfumo wa hesabu uitwao LAIFOMS. Kaunti zilipoingia zikatakiwa kutumia IFMIS ya Serikali Kuu, ambayo imejengwa juu ya programu ya kampuni ya Oracle ya Marekani. Hatusemi LAIFOMS ilikuwa malaika. Lakini kubadili mfumo ni kuhama nyumba, na anayehama hupoteza vitu. Leo mifuko ya uzeeni ya LAPFUND na LAPTRUST inadai kaunti na mabaraza ya zamani mabilioni ya shilingi, fedha ambazo nyingi zilikwisha kukatwa katika mishahara. Mzee akienda kuuliza malipo yake huambiwa alete ushahidi. Ushahidi gani, naye alipewa kikaratasi ambacho wino wake umekwisha kufutika? Ushahidi ulipasa uwe katika mashini ya tajiri, na usomeke.

Habari ya Oracle yataka tuikae kidogo. Kampuni hiyo yajulikana kutoza, kwa kawaida, asilimia 22 ya bei ya leseni kila mwaka kwa ajili ya msaada na matengenezo. Piga hesabu wewe mwenyewe. Katika miaka 5 ni asilimia 110. Maana yake mnunuzi amelipa tena bei yote ya kwanza na nyongeza juu yake, wala hajapata kitu kipya ila ruhusa ya kuendelea. Tajiri anayelia mfanyakazi akiomba nyongeza ya asilimia 5 mbona halii hapo?

Jambo la karibu zaidi ni lile la bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa mfuko wa afya wa SHIF. Mwenye shilingi 20,000 alitoa shilingi 550 kwa mwezi. Machi 2025 ilijulikana ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bi Nancy Gathungu, kuhusu mfumo wa kompyuta unaoendesha bima hiyo. Mfumo ulikisiwa kugharimu shilingi bilioni 104.8. Ulipatikana bila ya zabuni ya ushindani, kutoka kwa muungano wa makampuni ya Safaricom, Apeiro na Konvergenz. Na Mkaguzi akasema ya kwamba Serikali si mwenye mfumo huo, wala si mwenye ujuzi uliomo ndani yake. Malipo ya makampuni hayo, kwa kadiri ya ripoti, yangetoka katika asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya hospitali. Kwa yule mwenye kutoa shilingi 550, hiyo asilimia 2.5 ni shilingi 13 na senti 75 kila mwezi.

Wizara ya Afya ilijibu ya kwamba hakuna fedha iliyotolewa kwanza, na ya kwamba makampuni yanalipwa kwa kadiri ya kazi yafanyayo. Haki yao kusema, nasi twaandika walivyosema. Lakini hilo halijibu swali la mfanyakazi. Shilingi 13 si nyingi kwa mtu mmoja. Ni bei ya andazi na chai kidogo. Kisichovumilika ni kwamba sisi ndio tunaojaza kisima, na kamba ya ndoo si yetu.

Sasa tutazame upande wa pili, maana si haki kusifu mashini za kawaida bila kuzipima. Mfano mzuri uko hapa hapa Kenya magharibi. Kule Eldoret, mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, ulianza mapema katika miaka ya 2000 kutengeneza daftari la wagonjwa la kompyuta. Kazi hiyo ilisaidia kuzaa programu iitwayo OpenMRS, ambayo haina leseni ya kulipwa. Kila fundi aruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuibadili, nayo huendeshwa juu ya kompyuta za kawaida. Katika programu hiyo ikajengwa KenyaEMR, ambayo makarani na wauguzi wetu wengi katika vituo vya afya waijua kwa kuitumia kila siku. Vilevile hesabu za afya za nchi nzima zimekusanywa tangu 2011 hivi kwa DHIS2, programu nyingine isiyo na leseni ya kulipwa, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Basi atakayetuambia ya kwamba kazi kubwa haiwezekani ila kwa mashini ya mlango mmoja, mwambieni aingie chumba cha kumbukumbu cha hospitali akatazame.

Walakini isiyo na leseni si kusema haina gharama. Programu hizi zahitaji watu: wa kuzitunza, wa kufundisha, wa kuketi usiku mashini inapogoma. Kwa miaka mingi wengi wa watu hao walilipwa kwa fedha za Marekani. Mapema mwaka 2025 fedha hizo ziliposimamishwa ghafula, kazi hiyo ilitikisika, na vijana wengi wenye ujuzi wakarudi nyumbani. Hapo twajifunza jambo ambalo matajiri hawapendi kulisikia. Fedha inayookolewa kwa kununua mashini ya bei rahisi haifai kuingia mfukoni mwa mtu. Sehemu yake yapasa iwe mshahara wa fundi wa hapa, mwenye kazi ya kudumu na malipo ya uzeeni kama sisi wengine. Kibarua wa miezi mitatu hatunzi kumbukumbu ya miaka 30.

Tena kuna radi. Mgeni hucheka tukisema, lakini mtu wa vilima hivi ajua ya kwamba alasiri za mvua radi hupiga, na stima huja na kwenda. Kompyuta ya rahisi iliyochomekwa ukutani bila kinga haimalizi msimu mmoja. Ofisi ikinunua mashini 10 za bei ndogo, na isinunue betri za kushikilia stima, waya wa ardhini, na mahali pa pili pa kuhifadhi nakala ya kumbukumbu, haikuokoa kitu. Zile mashini ghali zina sifa yake hapa. Ile AS/400 ya IBM, iliyotolewa mwaka 1988, ilipendwa na mabenki kwa sababu iliweza kukaa miaka bila kuzimika, na wajukuu zake wauzwa mpaka leo. Benki yenye mali nyingi yaweza kuchagua hivyo. Nyumba yangu mimi singeiezeka kwa bati la ndege, hata kama ndiyo bati bora duniani.

Hata pale ambapo tajiri ameona ni lazima anunue mashini ya mlango mmoja, yako mambo ya kudai kabla wino haujakauka. Nairobi ni funzo. Kaunti ile ilikusanya kodi kwa mfumo wa JamboPay tangu 2014. Mkataba ulipokwisha mwaka 2019 ilibidi watafute njia nyingine, na mwaka 2020 kazi ya kukusanya ikatiwa mikononi mwa KRA. Kila mabadiliko kama hayo, karani ndiye asimamaye mbele ya mwenye duka akitukanwa. Na sisi tunayo Keroka yetu, mji uliokaa mpakani, ambao Kisii na Nyamira zimeugombania kwa miaka juu ya ushuru wake. Je, mashini ya karani wa upande huu yaweza kuisoma risiti iliyotolewa na karani wa upande ule? Ikiwa haiwezi, mama muuza ndizi atalipa mara mbili, na atakayelaumiwa ni mwanachama wetu mwenye sare, si yule aliyetia sahihi mkataba.

Ndugu zetu wa viwanda vya chai, tokea Kiamokama na Nyamache mpaka Nyankoba, Kebirigo na Sanganyi, nao wasidhani jambo hili ni la maofisini tu. Siku za mizani ya kuning'iniza, mkulima na karani walitazama mshale pamoja, na kama waligombana, waligombana juu ya kitu walichokiona wote wawili. Mizani ya umeme imepunguza wizi wa kilo, na hilo ni jema. Lakini hesabu sasa yaingia ndani ya kijimashini na kwenda mahali pengine. Mkulima akisema kilo zake zimepungua, karani hana cha kumwonyesha ila namba iliyo mbele yake. Yapasa kiwanda kiweze kutoa orodha yote ya mapimo ya msimu, kwa mpangilio unaosomwa na kompyuta ya kawaida, ili karani mwaminifu apate kujitetea na yule asiye mwaminifu ashikwe.

Sheria iko upande wetu kuliko wengi wajuavyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 20, yamtaka tajiri ampe mfanyakazi hati ya mshahara yenye kuonyesha kila makato. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 38, yampa mtu haki ya kupewa habari zake mwenyewe katika mpangilio wa kawaida unaosomeka na mashini. Yaani kumbukumbu zako zisiwe zimefungwa katika maandishi ya siri ya muuzaji. Watu wengi wamedhani sheria hiyo ni ya makampuni ya simu. Hata karani wa Nyamira yamhusu.

Kamati yetu basi yapendekeza yafuatayo yatiwe katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja. Kwanza, mfumo wo wote utakaobeba mshahara, likizo au makato ya mfanyakazi usinunuliwe kabla chama hakijaonyeshwa mkataba, bei ya kuanzia na bei ya kila mwaka. Ya pili ndiyo kubwa, na tusikubali kuibadilisha kwa posho ya chai: kumbukumbu zote ziwe mali ya mwajiri na mfanyakazi, na zitolewe mara moja kila mwaka katika mpangilio unaofunguka kwa kompyuta yo yote ya sokoni, nakala moja ibaki mahali ambapo muuzaji hana ufunguo. Kisha makarani waliopo wafundishwe kabla mashini haijawashwa, wala asiondolewe mtu kwa kisingizio cha ya kwamba hajui mfumo mpya ambao hakufundishwa.

Kuna wenzetu watakaosema hayo ni mambo ya wasomi, tudai shilingi kwanza. Twawajibu hivi: tutadai shilingi, lakini shilingi iliyokatwa na isiyoonekana katika kumbukumbu ni shilingi iliyopotea mara mbili.

Kabla ya mkutano wa matawi, kila mwanachama ajaribu jambo moja. Aende kwa ofisi ya wafanyakazi, aombe kwa maandishi na kwa adabu orodha ya makato yake yote tangu alipoajiriwa, na aandike siku aliyoomba. Atakayeipata, alete nakala. Atakayeambiwa mashini haiwezi, au aje mwenye kampuni kutoka Nairobi, aandike maneno hayo hayo kama alivyoambiwa, pamoja na tarehe, na kumpa katibu wa tawi lake. Makatibu wa Kisii, Keroka, Ogembo na Nyamira watapokea karatasi hizo mpaka siku ya mkutano.